Kwa Nini Miale na Dawa Hutangulia Kisu: Historia ya Matibabu ya Saratani ya Umio

Leo tunauzungumzia ugonjwa ambao wengi wetu hapa Kabiria tunauita saratani ya koo, ingawa koo lenyewe mara nyingi huwa zima. Kinachougua ni umio, yaani ule mrija unaoteremsha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kwa mtu mzima una urefu wa kama sentimita 25, na umepita nyuma ya koromeo la hewa na karibu kabisa na moyo. Ukumbuke mahali hapo ulipopita, kwa maana shida yote ya matibabu imetokana na ujirani huo.

Mama mmoja anayeuza mboga karibu na stegi alinijia na swali. Alisema, "Sista, mzee wangu amepatikana na saratani ya umio. Wamemwingiza kamera, wamechukua kipande cha nyama, wamempiga skani, wakaniambia tuna bahati kwa sababu haijaenea. Sasa mbona hawampasui waitoe? Wanataka achomwe miale wiki tano, atiwe na dawa za kemo, halafu apumzike, ndipo wampasue. Huo uvimbe si utazidi kukua wakingoja?"

Swali lake ni zuri sana, na nimelisikia kwa akina mama wengi. Wengine hufikiri daktari anavuta muda ili apate pesa. Wengine humwondoa mgonjwa na kumpeleka kwa anayeahidi kumpasua kesho, au kwa mwenye mizizi ya kuchemsha. Ningeweza kumjibu kwa sentensi moja tu, lakini nadhani asingetosheka. Utaratibu huo haukutungwa na hospitali moja ya Nairobi. Umechukua zaidi ya miaka mia moja kufikiwa, na watu wengi walikufa njiani kabla haujapatikana. Basi nilimwambia aketi, nikamsimulia kama ninavyokusimulia wewe sasa.

Hapo mwanzo kulikuwa na kisu peke yake. Mwaka 1877, daktari mpasuaji wa Ujerumani aitwaye Vincenz Czerny alifaulu kukata sehemu ya umio iliyokuwa na saratani, lakini hiyo ilikuwa shingoni, mahali panapofikiwa kwa urahisi. Umio uliomo ndani ya kifua ulikuwa mwiko. Ukifungua kifua cha mtu, hewa huingia na mapafu hunywea. Wapasuaji walijaribu na kujaribu, na wagonjwa wakafa mezani.

Halafu mwaka 1913, katika jiji la New York, Franz Torek alimpasua mama mmoja mwenye umri wa miaka 67. Aliukata umio wake wenye saratani ndani ya kifua na kuutoa. Lakini hakuwa na njia ya kuunganisha kipande kilichobaki shingoni na tumbo. Alifanyaje? Alimwekea mpira nje ya mwili, ukatoka kwenye tundu la shingo na kuingia kwenye tundu la tumbo. Mama yule alitafuna chakula chake mdomoni kama kawaida, kikapita katika mpira huo juu ya kifua chake na kuingia tumboni. Aliishi hivyo kwa zaidi ya miaka 10. Hebu fikiria uvumilivu wake. Jina la mpasuaji limo katika kila kitabu cha upasuaji, nami huwa najiuliza ni nani aliyekuwa akiuosha ule mpira kila jioni. Bila shaka palikuwa na binti, au mkaza mwana, au yeye mwenyewe.

Baada ya hapo wapasuaji walijifunza kulivuta tumbo juu na kuliunganisha na umio uliobaki. Tohru Ohsawa alifanya hivyo huko Kyoto, Japani, katika miaka ya 1930. Mwaka 1946, Ivor Lewis wa Uingereza alieleza namna ya kuingia kwanza kwa tumbo na kisha kwa upande wa kulia wa kifua, na njia yake ingali inatumika hadi leo. Ukimsikia daktari akisema tumbo la mgonjwa litavutwa hadi kifuani, usishtuke. Ni jambo la kweli, na watu huishi nalo, ila watakula kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na hawatalala chali mara tu baada ya kula.

Pamoja na ustadi wote huo, matokeo yalikuwa ya kusikitisha. Mwaka 1980 madaktari wawili, Earlam na Cunha-Melo, walikusanya ripoti kutoka sehemu nyingi za dunia, zilizohusu wagonjwa zaidi ya 80,000 wa saratani ya umio. Hesabu yao ilikuwa hivi. Chukua wagonjwa 100. Kati yao, 58 walifunguliwa na mpasuaji. Kati ya hao 58, ni 39 tu ambao uvimbe wao uliweza kutolewa. Waliobaki walifungwa tena vivyo hivyo. Kati ya hao 39, 13 walikufa hospitalini kabla ya kurudi nyumbani. Baada ya miaka mitano, walio hai kati ya wale 100 wa mwanzo walikuwa 4.

Wanne, mama. Tulipofika hapo yule mama wa mboga alinyamaza, nami nikanyamaza naye. Lakini nilimwambia asiondoke, kwa kuwa hiyo ni hesabu ya zamani, na ndiyo hesabu iliyowafanya madaktari watafute njia nyingine.

Kwa nini kisu kilishindwa? Umio hauna ule utando wa nje unaofunika utumbo. Saratani ikishatoboa ukuta wake, mara hiyo imefika kwa majirani: koromeo la hewa, mshipa mkubwa wa damu, mfuko wa moyo. Mpasuaji hawezi kukata kwa upana kama anavyokata titi au utumbo. Akiacha kauzi kamoja ka saratani pembeni, ugonjwa hurudi. Tena mara nyingi seli nyingine huwa zimekwisha kutoroka kupitia matezi, ingawa skani haizioni. Kisu hukata kile kinachoonekana tu.

Sasa twende kwa miale. Wilhelm Röntgen aliigundua miale ya eksirei mwezi wa Novemba 1895, na haukupita muda mrefu watu wakaanza kuijaribu kwa saratani. Miale ile ya kwanza ilikuwa dhaifu; ilichoma ngozi kabla ya kufika ndani. Mwaka 1951 huko Kanada wagonjwa wa kwanza walitibiwa kwa mashine za kobalti, ambazo miale yake hupenya hadi kwenye viungo vya ndani. Mashine za namna hiyo ndizo zilizokuja kutumika pia katika nchi zetu. Miale peke yake iliwasaidia wagonjwa wengi wa umio kumeza tena, lakini ni wachache sana waliopona kabisa.

Dawa nazo zilikuja kwa njia zake. Mwaka 1957, Charles Heidelberger na wenzake huko Marekani walitangaza dawa iitwayo fluorouracil. Miaka michache baadaye, mwaka 1965, Barnett Rosenberg, ambaye hata hakuwa daktari wa saratani, alikuwa akipitisha umeme katika maji yenye bakteria ili aone umeme unafanya nini. Aliona bakteria wameacha kugawanyika. Alipochunguza zaidi, akagundua kwamba si umeme uliofanya hivyo. Ni madini ya platini yaliyokuwa yakiyeyuka kidogo kidogo kutoka kwenye vyuma vyake. Hivyo ndivyo dawa ya cisplatin ilivyopatikana, na ndugu yake carboplatin ikafuata. Ukiona chupa ya carboplatin ikining'inia juu ya kitanda cha mgonjwa wako, ujue asili yake ni jaribio la mtu aliyekuwa akitafuta kitu kingine kabisa.

Hadi hapo tuna vitu vitatu: kisu, miale na dawa, na kila kimoja kinafanya kazi peke yake. Aliyeonyesha nguvu ya kuviunganisha alikuwa mpasuaji wa Detroit, Marekani, aitwaye Norman Nigro, na tena hakuwa akitibu umio. Alikuwa akitibu saratani ya njia ya haja kubwa. Mwaka 1974 alieleza habari za wagonjwa watatu aliowapa dawa na miale kwa pamoja kabla ya kuwapasua. Wawili walipasuliwa, na katika nyama iliyotolewa haikuonekana saratani hata chembe. Wa tatu alikataa kupasuliwa, akaendelea kuwa mzima. Wagonjwa watatu ni wachache mno kujenga hoja, lakini lilikuwa jambo la kushangaza. Madaktari wa jiji hilo hilo wakajiuliza: saratani ya umio ni ya seli za namna moja na hii, kwa nini tusijaribu? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walitoa matokeo yao ya umio. Huko pia, katika baadhi ya wagonjwa, mpasuaji alitoa umio na saratani haikuonekana tena.

Siri ni nini? Dawa huzunguka katika damu na kuwasaka watoro waliokwisha kuondoka kwenye uvimbe. Vilevile huzidhoofisha seli za saratani zishindwe kujirekebisha baada ya kupigwa na miale. Mwaka 1992, Herskovic na wenzake walitangaza matokeo ya wagonjwa waliotibiwa bila kisu kabisa, kundi moja kwa miale peke yake, jingine kwa miale pamoja na dawa, tena miale ya kipimo kidogo zaidi. Wagonjwa hao walipofuatiliwa kwa miaka mitano, katika kundi la miale peke yake hakubaki hata mmoja. Katika kundi la miale na dawa, karibu robo walikuwa hai.

Usidhani kwamba baada ya hapo kila mtu alikubaliana. Mambo ya tiba hayaendi hivyo. Mwaka 1996 madaktari wa Dublin walisema dawa na miale kabla ya kisu ilisaidia sana. Mwaka uliofuata Wafaransa, chini ya Bosset, wakatangaza utafiti wa wagonjwa 282 uliosema maisha hayakuongezeka, na tena waliokufa baada ya upasuaji walikuwa wengi zaidi katika kundi lililotangulia kupewa dawa na miale. Kwa maoni yangu utafiti huo ulikuwa na mafunzo makubwa kuliko hata ule uliofaulu. Miale yao ilitolewa kwa vipimo vikubwa vikubwa vya siku chache. Mwili ulichomwa kwa haraka kupita kiasi, mapafu yakaumia, na mgonjwa akafika mezani amechoka. Kwa hiyo mama, ukiambiwa kwamba miale ni ya vipimo vidogo vidogo vya kila siku kwa wiki tano, kumbe upole huo umelipiwa.

Jibu lililokubaliwa na wengi lilitoka Uholanzi. Kati ya mwaka 2004 na 2008 hospitali za huko ziliwapokea wagonjwa 366 na kuwagawa makundi mawili kwa kura. Kundi moja lilipasuliwa moja kwa moja. La pili lilipewa kwanza dawa mbili, carboplatin na paclitaxel, mara moja kila wiki kwa wiki tano, pamoja na miale siku tano za wiki, mara 23 kwa jumla. Halafu walipumzika wiki nne hadi sita, ndipo wakapasuliwa. Utafiti huo huitwa CROSS, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2012.

Wale waliopasuliwa moja kwa moja, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 24. Wale waliotanguliziwa dawa na miale, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 49. Ni maradufu. Mpasuaji aliweza kuutoa uvimbe wote bila kuacha mabaki kwa wagonjwa 92 katika kila 100, badala ya 69. Na waliokufa hospitalini baada ya upasuaji hawakuongezeka. Walikuwa kama 4 katika kila 100 kwa makundi yote mawili. Linganisha na wale 13 kati ya 39 wa mwaka 1980.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi kwa karibu. Saratani ya umio ina aina mbili kubwa. Ulaya na Marekani aina inayotawala siku hizi ni ya seli za tezi, chini karibu na tumbo. Kwetu Afrika Mashariki, karibu wagonjwa wote wana aina ya pili, ya zile seli bapa zinazotandaza umio kwa ndani. Katika utafiti wa Uholanzi wenye aina yetu walikuwa wachache, hawakufika hata robo, lakini wao ndio waliofaidika zaidi. Karibu nusu yao, umio ulipotolewa, haikuonekana saratani iliyosalia. Mwaka 2018 Wachina, ambao ugonjwa wao ni kama wetu, walitangaza utafiti wa wagonjwa 451 wa aina hiyo ya seli bapa, wakitumia dawa tofauti kidogo, na wao pia wakaona kwamba kutanguliza dawa na miale kunaongeza maisha. Tangu hapo pametokea mabishano kuhusu ile aina ya Wazungu; utafiti wa Ujerumani uliotangazwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba kwa hao, dawa peke yake kabla na baada ya kisu ni bora kuliko njia ya Uholanzi. Ndiyo maana daktari hungoja majibu ya kile kipande cha nyama kabla ya kusema neno. Anataka kujua ni aina gani.

Sasa turudi nyumbani. Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Katika miaka ya 1960, Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago, Kampala, yule ambaye jina lake limepewa saratani ya taya ya watoto, alizipelekea hospitali za Afrika Mashariki maombi ya hesabu za saratani na kuzichora kwenye ramani. Saratani ya umio ilionekana kujikusanya magharibi mwa Kenya, huku sehemu nyingine zisizo mbali zikiwa na wagonjwa wachache tu. Mwaka 2002 madaktari wa hospitali ya Tenwek, huko Bomet, waliandika kwamba wanaona saratani hii hata kwa vijana walio chini ya miaka 30, jambo ambalo ni nadra sana mahali pengine duniani. Na kwa makadirio ya mwaka 2018, hakuna saratani iliyoua Wakenya wengi kuliko hii.

Unaweza kusema, sisi tuko Nairobi, Bomet ni mbali. Lakini nani katika ploti yako hakutoka mashambani? Katika vyumba kumi vya mabati utakuta mtu wa Kericho, wa Kakamega, wa Meru, wa Nyeri, na kila mmoja amekuja na chai yake na uji wake.

Hapo Tenwek kuna habari nyingine. Wagonjwa wao wengi walifika wakiwa wamechelewa, hata mate hawamezi, na mashine ya miale ilikuwa Nairobi, mbali na ghali. Basi kuanzia mwaka 1999 walianza kuwawekea stenti, yaani kamrija ka wavu wa chuma kanakoingizwa kwa kamera kikiwa kimekunjwa, kisha kanafunguka chenyewe na kupanua njia. Katika miaka kumi hivi waliwawekea wagonjwa zaidi ya 900. Mtu aliyeingia akitema mate kwenye mkebe aliondoka akinywa uji. Ni msaada mkubwa wa utu. Lakini naomba tuelewane: stenti hufungua njia, haiondoi saratani. Kwa mgonjwa ambaye ugonjwa umeenea, ndiyo faraja iliyo karibu zaidi. Kwa mgonjwa ambaye bado haujaenea, kama mzee wa yule mama, kabla ya kukubali stenti uliza: "Je, bado kuna nafasi ya kumponya?" Uliza kwa heshima, lakini uliza. Stenti ikishawekwa, huenda ikatatiza miale na upasuaji.

Na miale yenyewe, je? Hapo historia yetu inauma. Kwa miaka mingi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ndiyo iliyokuwa hospitali ya umma pekee nchini yenye mashine ya miale. Watu walitoka Lodwar na Lamu kuja kupanga foleni pale, na wengine waliandikiwa tarehe ya mwaka unaofuata. Uvimbe haujui kusoma kalenda. Tanzania nao kwa miaka mingi walitegemea Ocean Road, Dar es Salaam. Uganda ilikuwa na mashine moja tu ya kobalti, pale Mulago, iliyowekwa mwaka 1995. Mwaka 2016 iliharibika kabisa, na nchi nzima ikabaki bila miale hadi mashine mpya ilipozinduliwa mwanzoni mwa 2018. Wakati huo Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan hapa Nairobi ilijitolea kuwatibu Waganda 400. Huenda ulikutana nao wakiuliza njia hapo Parklands, wewe ukidhani ni wageni tu wa kawaida.

Siku hizi hali imekuwa afadhali. Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, kule upande wa Kahawa, ilifunguliwa mwaka 2019, na vituo vya saratani vyenye mashine za miale vikafunguliwa Nakuru, Garissa na Mombasa. NHIF ilivunjwa mwaka 2024, na sasa unajiandikisha na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Jiandikishe kabla ugonjwa haujaja, kisha uliza hospitalini ni kiasi gani cha miale na dawa kitalipwa, maana viwango hubadilika. Carboplatin na paclitaxel zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani; si dawa za matajiri tu.

Sasa nikupe yale niliyompa yule mama kuhusu wiki zile tano.

Safari ni kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Kutoka Kabiria hadi Kenyatta ni matatu mbili, kwenda na kurudi, kwa watu wawili. Piga hesabu hiyo mapema, ukae na jamaa wachange nauli kabla ya siku ya kwanza. Miale iliyokatizwa njiani hupungua nguvu, kwa hivyo siku ya miale si siku ya kukosa kwa sababu ya mazishi ya jirani au ya chama. Karibu na wiki ya tatu atasema kumeza kunauma kama amemeza kaa la moto. Hiyo si saratani inayoongezeka. Ni ngozi ya ndani iliyoungua, na itapona. Mwambie daktari ampe dawa ya maumivu ya maji. Mpe uji uliopoa wenye maziwa na mafuta kidogo, mayai laini, parachichi lililopondwa, supu ya njugu. Akishindwa kabisa wanaweza kumwekea mpira wa kulishia, nawe usiukatae kwa kuona haya. Mgonjwa aliyekonda sana hawezi kustahimili kisu. Na akipata homa, nyuzi 38 au zaidi, hata kama ni saa nane za usiku, usimpe panadol ukangoja kuche. Dawa za kemo huzipunguza chembe za damu zinazopigana na viini, na homa hiyo ni ya kukimbizwa hospitali.

Halafu kuna hatari moja ambayo huja na furaha. Wiki chache baada ya miale, uvimbe ukinywea, mgonjwa huanza kumeza. Anakula ugali, anaongeza kilo, anacheka. Hapo ndipo wazee wa ukoo husema, "Amepona, mnataka kumkata ya nini?" Nimekwambia kwamba karibu nusu ya wenye aina yetu hawakuonekana tena na saratani. Lakini nusu nyingine bado walikuwa nayo, na kwa macho ya nyumbani huwezi kuwatofautisha. Hivi karibuni Waholanzi wamechunguza kama wale wasioonekana na ugonjwa wanaweza kungojewa bila kupasuliwa, na kwa miaka miwili ya kwanza hawakufanya vibaya kuliko waliopasuliwa. Ila kungojea kwao kulikuwa na kamera, vipande vya nyama na skani kila baada ya miezi michache, na mpasuaji akiwa tayari. Kurudi Kabiria na kukaa kimya si kungojea kwa namna hiyo. Mwisho wa yote uamuzi ni wa mgonjwa, lakini na auamue mbele ya mpasuaji, akiwa amesikia pande zote.

Na vipi sisi ambao bado hatujaugua? Wewe mama ndiwe unayepakua, kwa hivyo wewe ndiwe wa kwanza kuona. Mgonjwa wa umio haanzi kwa maumivu. Anaanza kwa kushushia tonge la ugali kwa maji. Halafu nyama inakwama, anaiacha. Halafu chapati, halafu githeri. Anakuwa wa mwisho kumaliza mezani, naye anasema ni meno. Ukiona hivyo kwa wiki mbili, usimnunulie dawa ya vidonda vya tumbo dukani. Mpeleke zahanati na useme neno hili, "chakula kinakwama", waandike barua ya kamera. Wengi hufika Kenyatta wakati hata maji hayapiti, na hapo hadithi yote ya miale na kisu niliyokupa huwa haimhusu tena.

Na chai. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitamka kwamba kinywaji kinachozidi nyuzi 65 huenda kinasababisha saratani ya umio, na utafiti uliofanywa Eldoret na kutolewa mwaka 2019 uliona kwamba wanaokunywa chai ikiwa moto sana wako hatarini zaidi. Pombe, hata ile ya kienyeji, na sigara zimo pia. Sisi huisifu chai inayochoma midomo, na mtoto tunampulizia mara mbili tu kisha tunamsukumia kikombe kwa sababu basi la shule limefika. Imimine, iache dakika tano, ufunge viatu vya mtoto kwanza.

Yule mama wa mboga alirudi baada ya siku kadhaa. Hakuwa na swali la historia tena. Alitaka kujua kama miale inaweza kuwekwa saa za asubuhi, ili awahi kufungua kibanda chake kabla watu hawajatoka kazini. Nilimwambia aombe tarehe na saa kwa yule anayepanga orodha, na ampelekee namba yake ya simu iliyoandikwa wazi kwenye karatasi, kwa kuwa mara nyingi nafasi hupatikana mtu mwingine akikosa kufika.